Mwaka Mwalimu Haneka Aliponiweka Huru

Mwezi uliopita sekondari niliyosoma, ile iliyo ufukweni upande wa Kihagara, ilifanya sherehe ya kuwaenzi walimu wake wa zamani, na kamati ikanipa mimi kazi ya kupika. Nina nyumba ya wageni hapa Mbamba Bay, watu wananijua kwa pilau langu na kwa mdomo wangu, na vyote viwili sivionei haya. Basi nikiwa mlangoni mwa ukumbi, mwiko mkononi, nikamwona bibi wa kizungu anasaidiwa kupanda jukwaani, mgongo umepinda, mguu mmoja anauburuta. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuja kwetu kutoka Uholanzi akiwa binti mbichi, jina lake la kwao likatushinda kulitamka, tukamwita Mwalimu Haneka na yeye akaitika. Akashika kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili ambacho bado kilikuwa kimenyooka: "Nilipofika hapa, kila mwalimu alikuwa na mtoto wa kumchotea maji. Mimi nilikataa. Katika maisha yangu sijamtumikisha mtoto hata mmoja." Makofi! Vigelegele! Mgeni rasmi akasimama, na ukumbi mzima ukasimama naye. Mimi nikarudi jikoni nikafunika masufuria kwa kishindo, mpaka Mama Sabina, mwanamke ninayefanya naye kazi, akaniuliza, "Dada Truda, kulikoni? Nani kakuudhi?" Nikamwambia hakuna. Eti hakuna! Miaka yote hiyo, halafu nasema hakuna. Na kamati hiyohiyo ilikuwa imeshaniarifu kwamba bibi huyo angelala kwangu.

Sitaanza na ukoo wangu, hautatusaidia hapa. Inatosha kujua kwamba nyumbani kulikuwa Kingerikiti, juu kwenye kahawa, na shule ilikuwa chini ziwani, na kati yake ni mwendo wa miguu wa kutwa nzima kwa mtu mwenye nguvu zake. Shule ilikuwa ya kutwa, haina bweni. Wavulana walipanga vyumba kwa wavuvi wakajipikia. Msichana akipanga peke yake pale ufukweni, mwaka hauishi amebeba mimba, na wazazi wetu walilijua hilo. Kwa hiyo sisi wasichana wa mlimani tulikaa kwa walimu. Kila nyumba ya mwalimu ilikuwa na msichana wake. Alfajiri unachota maji ziwani, unafagia uwanja, unachemsha chai, kengele ikigongwa unavaa sketi unakwenda kukaa mbele ya mwalimu yuleyule uliyemwoshea vyombo. Jioni unapika. Nawe unapata mkeka, sahani ya ugali, taa ya kusomea, na mlango wenye komeo. Hilo komeo ndilo mama yangu alilokuja kulikagua kwa mkono wake kabla hajaniacha. Nilikaa kwa Mwalimu Komba, na mke wake alikuwa mkali lakini hakuninyima chakula. Nilipoingia kidato cha pili wakahamishiwa Songea. Wakapakia vitanda, kuku na baiskeli kwenye lori, mimi wakaniacha uani pamoja na mtungi uliopasuka mdomo. Mama Komba alitoa kichwa dirishani akasema, "Atakuja mwalimu mwingine, mhudumie vizuri, usituaibishe." Kwa hiyo Mwalimu Haneka alipofika alinikuta palepale, nimekuja na nyumba.

Chumba changu kilikuwa stoo iliyobandikwa ubavuni mwa jiko. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa na joto mpaka usiku, na kwenye baridi ya mwezi wa sita niliusogelea kwa mgongo nikalala vizuri kuliko nilivyowahi kulala kwetu. Palinuka moshi, mafuta ya taa na usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu Mama Komba alikuwa ameacha nusu gunia. Mwalimu Haneka alichungulia siku ya kwanza, akaziba pua, akacheka, akasema, "Unaishi hapa? Karibu mezani, basi." Nisiwe mwongo: miezi ile ya mwanzo ilikuwa mitamu. Mimi, mtoto wa mlimani, nilikaa kwenye kiti, mezani, na mwalimu, tukala ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Yeye alimega kwa vidole vyote vitano, ugali ukamganda mpaka kwenye kiwiko, mimi nikainama ili asione nacheka, naye akasema, "Cheka tu, Truda, cheka." Baada ya chakula alivuta taa katikati akanifundisha hesabu za mafumbo, zile za kutafuta namba isiyojulikana, na nilipoipata alipiga meza kwa furaha mpaka vijiko vikaruka. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kufurahia kitu kilichotoka kichwani mwangu. Nilimpenda. Naandika hivyo bila kujikaza, nilimpenda yule mwanamke kuliko shangazi zangu wote.

Siku yake niliijua kuliko alivyoijua mwenyewe. Kabla jua halijavuka milima alikwenda kuogelea nyuma ya miamba, mbali na macho ya watu. Alirudi nywele zinachuruzika, akakuta chai, akakuta mtungi umejaa, uwanja umefagiliwa. Akavaa gauni lake la maua na viatu vya kamba, akaenda paredi akasimama mwisho wa mstari wa walimu, yeye peke yake ndiye asiye na fimbo. Alifundisha hesabu na Kiingereza vipindi mfululizo, chaki mpaka kwenye nyusi. Saa nne walimu wenzake wakila mihogo ofisini, yeye alikuwa barazani na wanafunzi anawauliza majina ya ndege kwa Kinyasa. Alikuwa na sheria moja aliyojivunia: kengele ikinyamaza, mlango wake unafungwa, aliye nje yuko nje, awe mtoto wa diwani au wa mvuvi. "Sawa kwa wote," alisema. Jioni alisahihisha mpaka macho yakawa mekundu, mimi nikipika. Na katika siku hiyo yote, jamani, hakuwahi kujiuliza maji yanatoka wapi. Nilichota yeye akiwa anaogelea. Alidhani mimi ni mpangaji, mtoto aliyepewa stoo na shule, na kwamba napika kwa sababu napenda kupika. Mtungi ulikuwa umejaa daima, na kitu kinachojaa daima hakiulizwi.

Wenzake hawakumpenda. Nilisikia mengi, kwa kuwa anayebeba chai ofisini haonekani. Mwalimu Ndunguru, aliyesimamia nidhamu, alisema, "Huyu amekuja kutuonyesha sisi ni washenzi, akimaliza atarudi kwao kusimulia." Mke wake, ambaye alikuwa jirani yetu, alikuwa na lake: "Anakula meza moja na mtumishi, halafu mtumishi anavimba kichwa." Hapo ndipo niliposikia neno mtumishi kwa mara ya kwanza kwa ajili yangu. Sikulifikisha nyumbani. Ningelifikisha, labda mambo yangekwenda vingine, lakini nani anapeleka maneno ya wakubwa kwa wakubwa? Tulilelewa kusema ndiyo mwalimu, asante mwalimu, na goti kidogo. Hata ukipigwa viboko ulipiga goti ukasema asante mwalimu, na ole wako usahau, unarudiwa.

Ikatokea asubuhi moja mawimbi yalikuwa makali nyuma ya miamba, Mwalimu Haneka akageuka akaja ufukwe wa kuchotea. Akatukuta wasichana wa walimu, tumejipanga majini mpaka magotini na ndoo, tunapiga soga. Akaniona mimi na ndoo yake. Alisimama pale na taulo shingoni, uso umemwiva. "Nani amekutuma?" Nikasema hakuna aliyenituma, mwalimu. "Haya maji ni ya nani?" Yako, mwalimu. "Tangu lini?" Tangu ulipokuja, mwalimu. Mama yangu wee, yule mtu alilia! Alilia mbele ya watoto. Alininyang'anya ndoo, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, maji yakimmwagikia miguuni, na mimi nyuma yake mikono mitupu, wanawake wa usipa wakituangalia na kupigana viwiko.

Siku hiyohiyo akadai kikao. Nilipeleka chai, nikakaa nyuma ya dirisha. Alisema ni utumwa. Alisema mtoto ana haki ya kulala, kusoma na kucheza, na kwamba walimu wote wawarudishe wasichana kwao. Kikazuka kicheko humo ndani, kicheko cha watu wazima walioshiba. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwambia kwa upole, "Mwalimu, kila mtu na mji wake. Anza na wako." Mwalimu Ndunguru akaongeza, "Ndiyo, tuonyeshe mfano," na kicheko kikarudi. Sikuelewa wakati ule kwamba pale ndani walikuwa wananigawa mimi. Walijua vizuri kabisa kitakachonipata. Mkuu wa shule ndiye aliyenikabidhi kwa Mwalimu Komba kwa mdomo wake mwenyewe. Angeweza kumwambia yule binti wa watu maana ya mlango wenye komeo. Akaona afadhali acheke.

Jioni akaniketisha kwenye kile kiti. Alikuwa amechemsha chai mwenyewe, imejaa majani, chungu. Akanishika mikono yote miwili. "Truda, kuanzia leo uko huru. Hutanifanyia kazi tena. Utakwenda kuishi na wazazi wako kama mtoto yeyote." Nikamuuliza, Kingerikiti, mwalimu? Akasema ndiyo, akanyoosha kidole dirishani. Milima ilionekana, ilikuwa jioni safi, ungedhani ukitupa jiwe linafika. "Pale," akasema. Nikajitahidi, na kwa mtoto wa kwetu kujitahidi kule kulikuwa ujasiri mkubwa, nikasema: mwalimu, naweza kubaki hapa nisifanye kazi. Alifikiri. Naapa alifikiri, niliona. Kisha akatikisa kichwa. "Watasema bado nakutumia. Nyumba yangu lazima iwe safi, Truda, ndipo nitakapoweza kupambana nao." Halafu akaniuliza kama nimefurahi. Nikasimama, nikapiga goti, nikasema asante, mwalimu. Akanikumbatia. Alinukia sabuni, na moyo wake ulikuwa unadunda kama mtu aliyeshinda mbio.

Nilizunguka nyumba zote za walimu na kifurushi changu. Kila nyumba ilikuwa tayari na msichana, na hata ambako hakuwepo waliniangalia mara mbili. Kwa nini mtu afukuzwe kwa mzungu anayekaa naye meza moja? Mama Ndunguru alinisimamisha uani kwake, akawaita na majirani waje waone. "Wee mtoto, uliiba nini? Sema tu, hapa wote ni wazazi." Nikasema sikuiba, ameniweka huru. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini! "Ameniweka huru! Sikieni Kiswahili chake!" Kuanzia siku hiyo pale ufukweni nikaitwa Uhuru. Uhuru njoo, Uhuru umekula nini leo. Mtu pekee aliyenipokea alikuwa Mama Agnesi, mchuuzi wa usipa, na hakunipokea kwa huruma. Alinipa nafasi ya kulala kibandani kati ya magunia, kwa sharti kwamba kila asubuhi mitumbwi ikirudi nimsaidie kuwaanika samaki vichanjani. Kibanda hakikuwa na mlango, achilia mbali komeo. Nililala na kisu cha kupasulia mbasa chini ya mkeka. Nilikitumia mara moja, kwa mkono wa mtu ambaye leo ni mzee wa heshima na hunisalimia vizuri tukikutana sokoni.

Mitumbwi hairudi kwa kengele ya shule. Usipa wakichelewa kuanikwa wanaoza, na Mama Agnesi hakuniachia mpaka kichanja cha mwisho kimejaa. Nikawa nafika darasani nakimbia, magamba mikononi, harufu ikinitangulia. Wenzangu waliziba pua. Na mlango wa Mwalimu Haneka ulikuwa umefungwa, kwa sababu sheria yake ilikuwa sawa kwa wote. Nilikaa chini ya dirisha nikamsikiliza akifundisha yale mafumbo, nikaandika majibu mchangani kwa kidole, na mengine nilipata. Siku moja alitoka akanikuta. Alichuchumaa mbele yangu, uso umejaa huzuni ya kweli, akauliza: "Truda, sasa huna tena kazi za nyumbani. Kwa nini unachelewa?" Mdomo wangu, huu unaoogopwa leo mji mzima, ukafa ganzi. Ningesema nini? Kwamba nalala na kisu? Alikuwa ameniambia niende kwa wazazi; kusema sikwenda ilikuwa kumwambia mwalimu kwamba nimemkaidi. Nikasema, samahani, mwalimu. Wakati ule yeye alikuwa ameshachoka kubeba ndoo, mgongo umemuuma, akaajiri mtu mzima, mwanamume mwenye familia, anamchotea maji asubuhi na jioni, na kwa ajili yake akaisafisha ile stoo yangu awe anahifadhi baiskeli. Baiskeli ikapata ukuta wenye joto.

Mtihani wa kidato cha pili ulipokaribia, Mkuu wa shule aliniita mbele paredi. Alinitangaza mtoro. Mwalimu Ndunguru alinichapa pale mbele, taratibu, kama mtu anayefaidi kazi yake, na nilipomaliza kuchapwa nikapiga goti nikasema asante, mwalimu. Kisha nikaambiwa nisirudi. Mwalimu Haneka alikuwa mwisho wa mstari, mikono imeziba mdomo. Alikimbia akanifuata mpaka kwenye njia ya kupanda mlima. Nilidhani anakuja kunirudisha. Nawaambieni ukweli, nilisimama nikangoja, na miguu yangu yote ilikuwa tayari kugeuka. Akafika anahema, akasema, "Nilikupa nafasi, Truda. Nilikupa nafasi yote." Akageuka akarudi, kwa sababu kengele ilikuwa inagongwa. Nikapanda. Juu kule baba alikuwa ameshapata habari za Uhuru wa ufukweni, na kabla ya mavuno ya kahawa nikaozwa.

Basi, jioni ya sherehe wakamleta kwangu. Nikampa chumba kizuri, kile cha kona. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia marahaba, hakunitambua. Bomba la mji lilikuwa limekatika tangu juzi yake, jambo la kawaida kwetu, na Mama Sabina alikuwa ameshabeba ndoo kwenda ziwani. Bibi akatoka barazani na taulo, akaomba maji ya kuoga. Nikamwambia Mama Sabina aitue ile ndoo. Nikaichukua, nikamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili, na goti kidogo. Nikasema, "Mimi ni Truda, mwalimu. Wa stoo. Hapa kwangu hatumtumikishi mtu. Ziwa lile pale." Mama Sabina alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Dada, huyu ni bibi wa watu!" Nikamwambia anyamaze.

Mwalimu Haneka alikodoa macho, kisha uso wake wote ukachanua. "Truda! Truda wangu!" Akashika ndoo, akateremka. Nilisimama barazani nikamtazama, na sikumpelekea fimbo yake ya kutembelea. Alikwenda akiburuta mguu mchangani, akaingia majini mpaka wimbi likamlowesha kiuno, akaanguka goti moja, akainuka, akachota. Watoto waliokuwa wakicheza pale walitaka kumsaidia, akawafukuza kwa mkono. Alipanda na nusu ndoo, anatetemeka, midomo ya buluu, na anacheka. Anacheka! Mimi nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nimwone akilibeba lile jambo, naye analibeba kwa shangwe. Akaiweka ndoo miguuni pangu, akanishika mikono yote miwili kama siku ile. "Kati ya wanafunzi wangu wote," akasema, "ni wewe uliyenielewa. Niambie, mwanangu, ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka siku uliponipokonya ndoo," nikamwambia.

Akacheka tena, akidhani namtania. Akamtazama Mama Sabina ili wacheke wote, na Mama Sabina hakucheka. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. Akakaa kwenye kiti cha baraza, gauni linachuruzika, akawa ananitazama mikono, haya magumu ya samaki na kahawa na masufuria. "Lakini ulisema asante," akasema kwa sauti ndogo. "Nakumbuka. Nilikuuliza kama umefurahi, ukasema asante."

"Hata Mwalimu Ndunguru nilimwambia asante, mwalimu. Ulikuwepo."

Ningeweza kumpa khanga kavu, ilikuwepo kwenye kamba, karibu na kichwa chake. Nikaingia ndani kumtengea chakula, ugali wa muhogo na mbasa, sahani moja, meza ya peke yake. Nikiwa mlangoni nikakumbuka kwamba bomba haliponi haraka, nikageuka nikamwambia ndoo aiweke karibu na kitanda, kwa kuwa na asubuhi maji atayachota mwenyewe.